Sadallah na Paa la Marangu

Ndugu zangu wa Moshi, wa mjini na wa mlimani, sogeeni niwaeleze yaliyoikuta nyumba ya Hajira, mke wa Sadallah seremala.

Ilikuwa nyumba tulivu. Kila Ijumaa baada ya swala, Sadallah alikula pilau barazani na mkewe, huku mafundi wake wakipumzika karakanani. Ijumaa moja alirudi amekunja uso. Alikuwa ameomba zabuni ya kuezeka madarasa ya shule moja kule Marangu, na ofisa wa manunuzi, Bwana Sirili, alimwambia wazi kwamba asipoonwa kwanza, hasaini.

"Bei yangu ndiyo nafuu kuliko zote," Sadallah alisema. "Kazi ni yangu kwa haki. Sasa nifanyeje?"

"Baba Rukaiya, kwani nani hatoi?" Hajira alimjibu akimwongezea mchuzi. "Mpe, mafundi wapate kazi."

Akatoa. Kazi akaipata, paa likapanda, na Hajira akasahau.

Masika yalipoanza, aliona jambo la ajabu. Kila wingu lilipotanda mlimani, mumewe aliacha randa akawasha pikipiki kwenda Marangu. Alirudi jioni amelowa. Akiulizwa, alijibu, "Nina shughuli." Shughuli gani hiyo inayongoja mvua? Nanyi mnajua moyo wa mke hulijibu vipi swali kama hilo: kuna mwenzangu huko.

Siku moja Hajira akakodi bodaboda, akamfuata. Walipita migombani na kwenye mibuni hadi shuleni. Mumewe alikuwa amesimama nje ya dirisha la darasa, ametazama juu, maji yakimchuruzika shingoni. Ndani watoto walikuwa wakisoma.

Mwalimu mkuu, Margareta, alimkaribisha Hajira kwenye baraza la ofisi asilowe. "Mama, umepata mume," alimwambia. "Wengine wakishalipwa hatuwaoni tena. Huyu kila mvua yuko hapa anakagua kazi yake."

Hajira akaenda kusimama kando ya mumewe. "Unatazama nini?"

Sadallah akanyoosha kidole. Dari lilikuwa limebonyea katikati. "Nilichompa Sirili kilibidi kitoke mahali. Nilinunua mbao nyembamba, nikaziachanisha mno. Nataka kujua kama zitabeba."

"Na zisipobeba?"

Sadallah akawatazama watoto waliokuwa wakisoma chini yake.

Hajira akayakumbuka maneno yake ya barazani. "Mwambie mwalimu."

"Nikisema nimekwisha. Karakana itakwenda, na huenda nikafungwa."

"Najua. Usiposema wewe, nitasema mimi. Na nitasema pia kwamba aliyekwambia utoe ni mimi."

Sadallah akajifuta maji usoni. Kisha akaingia ofisini kwa Margareta, Hajira akimfuata.

Watoto walihamishiwa kanisani siku ileile. Wiki iliyofuata paa liliporomoka juu ya madawati matupu.

Sirili alifungwa kwa ushahidi wa Sadallah. Sadallah naye hakusalimika: alitozwa faini, akauza mashine zake ili aezeke upya, na akazuiwa kuomba zabuni za serikali. Siku hizi anatengeneza viti kwa msumeno wa mkono. Margareta akikutana nao sokoni Moshi, humsalimia Hajira. Sadallah hasalimiwi.

FUNZO

Ofisa akikuomba chochote, jiulize kwanza utakipunguza wapi, kisha ujiulize nani atakaa chini ya hapo ulipopunguza. Kukataa kunauma, na zabuni unaweza kuikosa kweli, sitawadanganya. Lakini zabuni iliyokosekana huombwa nyingine, na mtoto aliyefukiwa haombwi mwingine. Nasi tulio majumbani tuchunge ndimi zetu, maana ruhusa ya rushwa mara nyingi hutolewa kwenye sinia la chakula, na mtu asiyeshika hata shilingi yake.