Waliangushana Bila Kuumizana

Jumamosi moja ya mwezi wa Julai, mwaka wa 1958, watu wa Thika waliacha soko, wakaacha chai mezani, wakaacha hata mpira, wakaenda kujipanga mbele ya ukumbi wa jamii. Baridi ilikuwa ile ya kuingia mpaka kwenye meno. Gari la sinema lilikuwa limefika na filamu ya mieleka, na tangu asubuhi mtangazaji alizunguka mitaani na kipaza sauti, akisema hii ndiyo mieleka ambayo Wazungu huitazama kwao wakiwa wameketi sebuleni, ndani ya kisanduku kinachoitwa televisheni. Katika foleni ile hakuwamo mtu hata mmoja aliyewahi kukiona kisanduku hicho.

Njambi alikuwa amevaa gauni la maua ya samawati, sweta nyeusi aliyoifuma mwenyewe, na kitambaa cha kijani kichwani. Alikuwa msaidizi katika zahanati ya shamba moja la mkonge nje ya mji. Kazi yake ilikuwa kuosha vidonda, kufunga bandeji, na kuwashika watu wasirukeruke wakati Mzee Ndambuki, dresa wa pale, yaani mganga msaidizi, akinyoosha mifupa yao. Alikuja na rafiki yake Kalondu, lakini mlangoni umati uliwatenganisha, na Njambi akasukumwa mpaka kifuani kwa kijana mrefu mwenye koti la kaki na kalamu mbili mfukoni.

"Pole, dada," kijana alisema. "Wamekuumiza?"

"Watu hawajaniumiza. Ni kalamu zako."

"Hizo zimeshaumiza wengi. Mimi huandikia gazeti." Alisema hivyo kwa kujivuna kidogo, kisha akaona haya. "Naitwa Jeconia. Siku za kazi ni karani tu, shamba la kahawa kule Ruiru, upande wa Gitothua. Kwetu ni Butere, mbali kule magharibi."

Benchi lilikuwa limebaki na nafasi mbili. Wakaketi, na Njambi akamtajia jina lake na zahanati anayofanya kazi.

Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi ili mchana usiingie. Mashine ilianza kunguruma nyuma yao, mwanga ukapita juu ya vichwa vyao, na kwenye shuka jeupe wakatokea wanaume wawili wakubwa kuliko mlango wa ukumbi. Njambi alisahau kuvuta pumzi. Mmoja alikuwa na ndevu na tumbo kama pipa. Wa pili alikuwa kijana mwembamba mwenye bukta nyeupe. Yule wa ndevu alimshika kijana kiunoni, akamwinua, akamweka juu ya kichwa chake, akazunguka naye huku ukumbi mzima ukiguna. Kisha akamtupa.

Hapo ndipo Njambi alipoona. Kabla kijana hajagusa sakafu ya ulingo, kiganja cha yule wa ndevu kiliteleza nyuma ya shingo yake na kukikinga kichwa, vile mama anavyokikinga kichwa cha mtoto anapomlaza. Mgongo ndio ulioanguka. Kichwa hakikugonga. Jambo lenyewe lilikuwa la kufumba na kufumbua, na macho ya watu wote yalikuwa kwenye miguu iliyoruka hewani. Njambi alidhani amekosea. Akangoja. Kijana alipoinuka na kumtupa yule mkubwa, mkono wake nao ukafanya vivyo hivyo. Kila mara. Kumbe wanaume wale, kwa uzito wao wote na vishindo vyao vyote, walikuwa wanatunzana.

Machozi yalimtoka. Katika miaka mitano hiyo ya Mau Mau na Hali ya Hatari alikuwa amefunga watu wengi waliovunjwa na wenzao, na wengine hawakuwa wa kufungwa tena. Hakujua kwamba mwili wa mtu unaweza kuangushwa kwa nguvu kiasi kile na kuinuka mzima.

Kando yake, Jeconia alicheka kwa pua na kuandika gizani.

"Umelia," alimwambia walipotoka nje.

"Nimelia."

"Lakini wanadanganya, Njambi. Yule alianguka kabla hajaguswa. Hata mimi nimesikitika kupoteza Jumamosi yangu."

Njambi alitaka kumweleza habari ya mikono, lakini maneno hayakumjia. "Nilichokiona mimi hakikuwa uongo," alisema tu.

Jeconia akauliza kama zahanati yao ina simu.

Simu ilikuwapo, ya kuzungusha mkono, ukutani juu ya sanduku la pamba. Jumatatu ililia saa nne.

"Zahanati," Njambi alijibu.

"Nina mgonjwa Ruiru."

"Anaumwa na nini?"

"Halali, hali, na hesabu zake za kahawa hazilingani. Wenzake wanasema alikaa karibu na msichana kwenye sinema."

"Mwambie anywe maji mengi."

"Amekunywa, daktari wangu. Hayasaidii."

Mzee Ndambuki alikohoa kwa makusudi kutoka chumba cha pili. Njambi aliweka simu akiwa anatabasamu, akamfunga mgonjwa aliyefuata bandeji kwenye mguu usiokuwa na kidonda.

Wiki mbili mambo yalikwenda hivyo. Jumapili Jeconia alikuja kwa baiskeli, wakaenda kutazama maporomoko ya Chania, wakanywa chai ya maziwa na mandazi. Alijua kuchekesha. Alijua pia kunyamaza, na Njambi alikipenda kile kimya chake zaidi.

Ijumaa moja Mzee Ndambuki alikuwa akisoma gazeti lake la wiki kwa sauti, huku sindano zikichemka jikoni. "Hapa pana habari za ile sinema yenu," alisema. Akasoma:

"Nilikwenda kutazama mieleka, nikaonyeshwa ngoma. Mtu aliyezirai dakika hii, dakika ya pili anaruka kama panzi. Kwetu mtoto wa miaka kumi angewaaibisha wote wawili. Na bado, kando yangu, msichana wa kitambaa cha kijani alitiririkwa na machozi. Watazamaji wa namna hiyo hata ukiwauzia kivuli cha mbuzi wataamini ni simba."

Mzee alikuwa amefika mwisho ndipo akakiona kitambaa cha kijani kwenye msumari wa mlango. Akalikunja gazeti polepole. "Pole, mwanangu," alisema.

Simu ililia saa nne kama kawaida.

"Daktari wangu, umeliona gazeti? Wameniweka ukurasa wa pili."

"Nimeliona."

"Na unasemaje?"

"Nasema huyo mgonjwa wa Ruiru amepona. Asipige tena."

Alipiga Jumatatu, na Jumanne pia. Njambi hakuishika simu. Kalondu alimwambia ni maneno ya gazetini tu, yatasahauliwa. "Hakunicheka kwa sababu ni mwandishi," Njambi alijibu. "Alinicheka kwa sababu hakutaka kujua nimeona nini."

Mwezi wa Agosti uliisha. Jumapili moja wakata mkonge walianza kuiiga ile sinema nyuma ya nyumba zao, na Jumatatu asubuhi wakamleta Nicanor, kijana wa watu, mfupa wa bega ukiwa umevunjika. Njambi alimshikilia mpaka jasho likamtoka yeye mwenyewe. Aliyemtupa alisimama mlangoni akilia. "Nilifanya kama kwenye picha," alirudia. "Kama kwenye picha kabisa."

Nicanor alipotulia, Njambi aliosha mikono, akauzungusha mkono wa simu, akaomba kuunganishwa na Ruiru.

"Jeconia," alisema, "nimemfunga mtu aliyevunjika kwa kutupwa mara moja. Mara moja tu. Wale wa filamu walitupana mara ngapi?"

"Ishirini. Labda zaidi."

"Nani alivunjika?"

Njambi akamsikia Jeconia akifunga mlango wa ofisi.

"Njambi, nina ndugu, Jared. Kwetu tulikuwa tukipigana mieleka baada ya mavuno. Watu walikuwa wengi, nikataka wanione. Nikamtupa kwa nguvu zangu zote. Mkono wake wa kulia haujanyooka mpaka leo, mwaka wa tisa huu. Nilipowaona wale wanaruka wazima, nilikasirika. Nikaona ni afadhali nicheke."

"Ukanicheka mimi."

"Nikakucheka wewe. Nimekosa."

Njambi aliegemeza kichwa ukutani. "Ile filamu iko wapi sasa?"

"Inakuja hapa Ruiru Jumamosi."

"Basi niwekee nafasi."

Jumamosi alichukua kitabu chake cha ruhusa, maana Mkikuyu hakusafiri bila kitabu siku hizo, akapanda basi la mchana. Jeconia alimngoja mlangoni mwa ghala la kahawa lililogeuzwa ukumbi. Hakuwa na kalamu hata moja.

"Usitazame miguu," Njambi alimwambia walipoketi. "Tazama kiganja."

Yule wa ndevu akamwinua kijana juu ya kichwa. Watu wakaguna. Safari hii Njambi hakutazama shuka. Alimtazama Jeconia usoni, mwanga ukimchezea mashavuni, na aliijua ile sekunde alipoona, kwa kuwa midomo yake iliachana na hakuifunga tena. Kijana akatupwa mara ya pili, ya tatu, ya kumi. Jeconia aliinama mbele, macho kwenye kiganja.

Nje jua lilikuwa bado kali. Watu walitoka wakibishana ni nani hasa aliyeshinda. Jeconia alisimama kando ya barabara.

"Anamlaza," alisema. "Anamtupa, na papo hapo anamlaza. Nilikuwa nimeketi pale pale na sikuona."

"Sasa umeona."

"Desemba nakwenda nyumbani kwa treni. Nataka twende pamoja."

"Ukifika na msichana, watasema umeoa."

"Nataka waseme hivyo."

Njambi aliinamisha macho, kisha akayainua. "Mkono wa miaka tisa hauwezi kunyooshwa, Jeconia. Nisikudanganye."

"Najua. Si kwa ajili ya mkono." Sauti yake ilishuka. "Sijawahi kumwomba Jared msamaha. Kila mwaka naenda, tunakula pamoja, nanyamaza, narudi. Nadhani wewe ukiwa umeketi karibu nitaweza."

Lori lilipita, vumbi likawafunika, likatua. Njambi alijipangusa uso taratibu, akifikiri juu ya mama yake kule Gatanga, ambaye angeuliza Butere ni wapi, na kwa nini huko.

"Kwanza utakuja kwa mama," alisema. "Atakukatalia mara ya kwanza. Utarudi tena."

"Nitarudi."

Akaushika mkono wake, mchana kweupe, watu wa Ruiru wakitazama, wakaanza kutembea kuelekea kituo cha basi.