Salamu ya Magoti

Mwaka tisini na saba, pale stendi ya Buzuruga, mitumba ilimwagwa mpaka barabarani, na muuza viatu mmoja alikuwa na makelele kuliko wapiga debe wote. Roza Ajwang alikuwa ametoka zamu katika kiwanda cha minofu ya sangara, amevaa gauni la maua ya njano linalonukia sabuni na, kwa mbali, samaki. Alisimama kutazama raba nyeupe. Kabla hajauliza bei, yule kijana alishapiga magoti mbele yake na kumshika kisigino.

"Dada, mguu huu haukuumbwa kwa ajili ya buti za mpira."

"Umejuaje kama navaa buti?"

"Alama hiyo hapo kwenye muundi. Naitwa Machibya. Wanawake wote wa Mwanza nimewapigia magoti, ila wewe ndiye wa kwanza ninayeogopa kumwachia mguu wake."

Ajwang alicheka mpaka akasahau kuomba apunguziwe. Wiki iliyofuata alirudi bila sababu yoyote, na baada ya hapo hakuna aliyeuliza sababu. Walipanga kufunga ndoa, mtoto akamtangulia padri. Hawakujuta. Lilibaki jambo moja tu: mama yake Machibya, Bi Wilhelmina, mjane wa Kiseke, akubali. Bila ndiyo ya mama, Machibya asingeoa, na Ajwang hakutaka kuolewa kwa mlango wa nyuma.

Machibya akamfundisha adabu za kwao. Mkamwana wa Kisukuma humwamkia mkwe kwa kupiga magoti, wala hainuki mpaka aitikiwe. Ajwang, binti wa Kijaluo kutoka Shirati, alijizoeza mbele ya kioo kusema kwa Kisukuma habari za asubuhi, mama.

"Mwangaluka, mayu."

Machibya, ambaye ndiye aliyeigiza mkwe, akanuna. "Nimekataa. Rudia!"

"Mkwe gani ana ndevu?"

Kisha mimba ikaingia mwezi wa saba, na mguu wa kulia ukaanza vituko. Maumivu yalitoka takoni, yakateremka nyuma ya paja mpaka kidole gumba, mithili ya kushika waya wa umeme uliochubuka. Kiwandani alipasua sangara akiwa ameegemea mguu mmoja. Hakumwambia mtu, maana aliogopa aonekane mke mgonjwa kabla hajaolewa.

Asubuhi ya kutambulishwa, uani Kiseke, alipojaribu kukunja goti mguu ulimkata kwa maumivu. Akadaka fremu ya mlango, akatoa salamu akiwa amesimama wima mbele ya mama mkwe na shangazi watatu. Bi Wilhelmina hakuitikia. Alichukua ungo wake akaingia ndani.

Njiani Machibya alifoka. "Umemsalimia mama yangu kama karani wa posta!"

"Nimemsalimia."

"Magoti yako ni ya dhahabu?"

Angeweza kusema ukweli palepale, lakini kiburi kilimjaa mpaka kooni. "Basi katafute mwenye magoti ya mtumba!"

Wiki mbili hawakuonana. Ajwang alilia, akafuta machozi, akaenda zamu. Siku aliyoshindwa kushuka kitandani ndipo alipojikokota mpaka kliniki, kwa mkunga aliyeitwa Sista Precious.

"Hujarogwa wala hulemai," mkunga alimwambia. "Mshipa mkubwa wa fahamu unaotoka kiunoni umebanwa. Wengi hupona wakishajifungua. Usisimame muda mrefu, usikae muda mrefu. Lala ubavu, weka mto katikati ya magoti. Na jioni piga magoti, viganja chini, mgongo uuinue na kuushusha taratibu. Mguu ukikosa nguvu kabisa, njoo mbio."

"Magoti, sista?"

"Ndiyo, magoti. Shuka umeshika kiti. Kushuka utaweza, kazi ipo kwenye kuinuka."

Jioni ya kwanza alishuka akalia. Jioni ya nne alishuka bila kulia, mgongo ukapata nafuu. Mguu huu haunipokonyi mume, alijiapiza.

Ijumaa moja Maige, mlinzi wa geti la kiwanda, alimwita kwenye simu. Mkono wa simu ulikuwa umelala mezani, laini ikiwa wazi.

"Taratibu, dada!" Maige alipaza sauti. "Huo mguu si jana tu ulitaka kukuangusha kwenye ngazi?"

Ajwang akaushika mkono wa simu.

"Mguu gani?" Machibya aliuliza, bila hata haloo.

Ajwang alimpa Maige mgongo.

"Ajwang wangu. Mguu gani?"

"Wa kulia. Ndiyo maana siku ile kwa mama nilishindwa."

Machibya alishusha pumzi ndefu. "Na mimi mtu wa viatu, nashinda natazama miguu ya watu! Kwa nini hukusema?"

"Niliona afadhali niitwe jeuri kuliko mgonjwa. Nilikosea, mpenzi."

"Na mimi nilikutukana. Naenda kumweleza mama."

"Usithubutu! Jumapili nitamwamkia mwenyewe. Kwa magoti."

"Mpenzi, hakuna haja..."

"Haja ninayo mimi."

Jumapili asubuhi alivaa gauni la kitenge lililoachiwa kiunoni na zile raba nyeupe. Shangazi walikuwa walewale, na Bi Wilhelmina alikuwa anachambua choroko. Ajwang alishika kiti, akashusha goti la kushoto, kisha la kulia. Jasho lilimtoka. Akaweka viganja juu ya mkeka.

"Mwangaluka, mayu."

Bi Wilhelmina aliendelea kuchambua. Machibya akashindwa kuvumilia, akapiga magoti ubavuni mwa mchumba wake. Mwanamume mzima! Shangazi wakaguna.

"Mwangaluka, mayu," Machibya alisema.

Ungo ukawekwa chini. Bi Wilhelmina alimtazama mwanawe, kisha akamtazama binti anayetiririkwa na jasho.

"Mwangaluka," aliitikia. "Inuka, binti."

Ajwang aliuma midomo. Neno alilolificha wiki zote hizo lilikuwa zito kuliko mguu wenyewe.

"Siwezi, mama. Mguu unaniuma sana, tangu kabla ya siku ile. Kushuka nimejifunza. Kuinuka bado."

Bi Wilhelmina alijikongoja, akachuchumaa, akauchukua mkono wa Ajwang na kuuzungusha shingoni mwake.

"Ungesema siku ile, mwanangu, nisingekununia," alisema. Kisha akamgeukia Machibya. "Na wewe unangoja nini hapo chini? Shika upande wa pili. Huyu ni mkeo."