Safari ya Tangi Moja

Gari dogo jeupe lilikutwa asubuhi ya Jumanne kando ya barabara ya vumbi inayopita Kaya Chirimani, msitu mtakatifu wa wazee wa kale, nyuma ya Msambweni. Ndani hapakuwa na mtu. Wanawake waliokuwa wakienda kisimani walisimama kulitazama, na walipokuwa wakilitazama, injini ikajiwasha, ikavuma kidogo, ikajizima. Hawakungoja ijiwashe tena. Inspekta Twaiba Nassir alipofika, ndoo zao zilikuwa bado zimelala barabarani.

"Mimi siligusi, afande," alisema Konstebo Rai, aliyekuwa amesimama mbali kuliko ilivyohitajika. "Watu wanasema koma, mizimu ya wazee wa kaya, wanaliendesha."

"Koma wana leseni?"

"Afande, mzaha huo usiufanye hapa."

Twaiba alichungulia dirishani. Taa za dashibodi zilikuwa zinawaka. Maji ya kipoza hewa yalikuwa yakidondoka chini ya gari na kutengeneza kidimbwi. Ufunguo, kile kidude cheusi kisicho na meno, ulikuwa kwenye kisahani karibu na gia. Mshale wa mafuta ulionyesha nusu tangi. Rai, alipoamriwa alizime, alitafuta mahali pa kuzungusha ufunguo, akapakosa.

Gari hilo lilijulikana toka Ukunda hadi Shimoni. Lilikuwa la Dama, binti wa Bi. Kanze wa Msambweni, aliyelitumia kuzunguka pwani ya kusini na kuwaonyesha watu mandhari kupitia simu yake: vilima vya Shimba, mashamba ya miwa ya Ramisi, mikoko ya Funzi. Aliziita Safari za Tangi Moja, kwa sababu kila mzunguko aliumaliza bila kuongeza mafuta. Safari ya wiki hii alikuwa ameitangaza mapema. Ilikuwa ya kaya.

Kutoka barabarani, kijia kiliingia msituni hadi kwenye nguzo mbili za mti mkavu zilizokuwa mlango wa kaya. Mbele ya nguzo hizo palikuwa na viatu vya raba vyeupe, vimepangwa sambamba. Hatua chache ndani ya mlango alilala Dama, chali, mikono kifuani, jeraha kisogoni. Ardhi chini ya kichwa chake haikuwa na damu. Simu yake haikuwapo.

"Alivua viatu kama inavyotakiwa," Rai alisema kwa sauti ya chini. Yeye na Twaiba walikuwa wamekwisha kuvua vyao bila kukumbushana. "Basi koma wamemkasirikia kwa lipi?"

"Tazama nyayo zake, Rai. Kisha tazama zako."

Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na udongo chini ya miti ulikuwa mweusi na laini. Miguu ya Rai ilikuwa imepakaa tope hadi vifundoni. Nyayo za Dama zilikuwa safi kama za mtu aliyetoka kuoga.

* * *

Kufikia adhuhuri, mkuu wa kituo alikuwa amekwisha kupata mtu wake. Alikuwa mtu wa bara, mwenye haraka.

"Lewis, mpishi wa hoteli ya Galu. Mchumba wake," alisema. "Jana mchana waligombana pale petroli stesheni ya Ukunda, kila mtu akiona. Usiku alikuwa nyumbani peke yake, eti amelala. Kesho anaenda kortini Kwale kwa mauaji. Kesi imeisha, Inspekta."

"Niruhusu nimhoji kwanza, afande."

"Hoji. Lakini kesho asubuhi anapanda gari."

Lewis aliletwa bila mshipi na bila kamba za viatu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mligombania nini?" Twaiba aliuliza.

"Hii safari, madam. Nilimwambia aachane na mambo ya kaya. Watu wa huku wako serious na hiyo kitu. Akaniambia mimi ni mtu wa kuja, sielewi. Nikashuka, nikamwambia aende peke yake. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Enda peke yako."

"Uliwahi kuliendesha gari lake?"

"Kila Jumapili."

"Linazimwaje?"

Lewis alimtazama kama mtu aliyedhani amefanyiwa kejeli. "Unabonyeza kitufe. Ni haibridi, madam. Ukisimama linanyamaza, linatumia betri. Mtu asiyelijua anadhani limezimika. Ukiliacha hivyo, betri ikishuka kidogo injini inajiwasha yenyewe. Mimi siku ya kwanza nililiacha Diani likiwa hai, nikaenda kununua mihogo. Nikarudi nikakuta linanguruma. Dama alinicheka mpaka akakaa chini."

Alitaka kutabasamu, na uso ukamkatalia.

"Na alipoingia kaya, alivaa nini miguuni?"

"Mimi nitajuaje? Huko watu huvaa nini?"

Twaiba alifunga faili. Nje, ukutani, Bi. Kanze alikuwa ameketi na wanawake wa kwao. Alipomwona Twaiba alisimama.

"Mwanangu Twaiba, nimesikia yupo humo ndani. Nataka anyongwe. Usiniambie habari ya sheria. Niambie atanyongwa lini."

"Mama, sijamaliza kuuliza."

"Kuna la kuuliza? Nilimpa chai yule. Alikaa kwenye mkeka wangu."

* * *

Jioni ile Twaiba alikwenda kwa Chirau, kaka yake Bi. Kanze. Babake Dama alifariki msichana akiwa mdogo, na ni huyu mjomba aliyemlea. Ndiye aliyemlipia shule, ndiye ambaye Lewis alimwendea kupeleka posa. Zamani alikuwa dereva wa malori ya miwa. Sasa alikuwa mmoja wa walinzi wa Kaya Chirimani, mtu wa mabega mapana ambaye umri haujampunguzia kitu.

"Shikamoo, mzee Chirau. Na poleni kwa msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa, ni kazi ya Mungu. Karibu."

Ua ulikuwa umefagiwa, na mahali pamoja nyuma ya nyumba pamemwagwa mchanga mpya. Pembeni ya mchanga huo, kwenye majani, Twaiba aliona unga wa mbao, mwekundu na mbichi.

"Unapasua mbao, mzee?"

"Mwembe wa zamani. Ulianguka."

"Dama alipita hapa jana?"

"Hakupita. Alinipigia simu tu, akaniomba ruhusa ya kuingia kaya. Nikamkatalia. Nilimwambia, mwanangu, kaya si ufuo wa kupigia picha." Alitikisa kichwa. "Akaenda kwa ubishi wake. Wazee wetu hawapendi kudharauliwa. Huyo kijana mliyemfunga, hata nami nimemwonea huruma. Pengine hata si yeye. Pengine ni wenye kaya wenyewe."

Twaiba alimshukuru, akaaga. Njiani alichukua simu na kumpigia daktari aliyemfanyia maiti uchunguzi.

"Kuna mambo mawili," daktari alisema. "La kwanza, kwenye jeraha kuna unga wa mbao. Mwekundu, wa mti mgumu. Ningesema mbambakofi."

"Si mwembe?"

"Mwembe hauna rangi hiyo. La pili halipendezi. Pigo halikumuua papo hapo. Alikaa hai saa kadhaa."

Twaiba alikata simu. Mbambakofi wa kutoa mbao, upande ule wa Msambweni, ulikuwa umebaki mahali pamoja tu, na hapo hakuna aliyeruhusiwa kukata hata ukuni.

* * *

Jumatano asubuhi, kabla ya Lewis kupandishwa kwenye gari la korti, Twaiba alimwomba mkuu wa kituo muda kidogo. Kisha akawaita Bi. Kanze na Chirau, akisema familia ije kuchukua gari la marehemu.

Gari lilikuwa kwenye lango. Twaiba alikuwa amebonyeza kitufe na kuwasha kipoza hewa, na gari lilikuwa kimya kabisa. Lewis alisimama barazani kati ya askari wawili. Bi. Kanze alimgeuzia mgongo.

"Mzee Chirau, wewe ni dereva wa siku nyingi," Twaiba alisema. "Tusaidie, liingize hapa uani, chini ya kivuli. Askari wangu wanaliogopa."

Chirau alisita. Watu wote walikuwa wakimtazama, na dada yake akasema, "Liingize, kaka, tuondoke mahali hapa." Akaingia. Hakutafuta ufunguo. Hakuuliza chochote. Alivuta gia, gari likateleza hadi kivulini bila sauti, akarudisha gia, akavuta breki ya mkono, akashuka na kufunga mlango.

"Umelizima?" Twaiba aliuliza.

"Limezimika. Husikii?"

Barazani Lewis alifungua kinywa. Twaiba alimwinulia mkono anyamaze.

"Mzee, jana ulisema Dama hakupita kwako."

"Hakupita."

"Daktari amekuta unga wa mbambakofi kwenye jeraha lake. Nyuma ya nyumba yako kuna unga wa namna hiyo hiyo, na mchanga mpya wa kufunika kitu."

"Mbao ni mbao. Nilikwambia ni mwembe."

"Aliyemweka kaya alimbeba. Nyayo zake zilikuwa safi. Kwa hiyo viatu hakuvivua yeye, alivuliwa. Huyu kijana wa bara asingejua kwamba mtu huvua viatu pale. Na hata kama angejua, muuaji gani anamvua maiti viatu na kuvipanga? Ni yule tu anayeiogopa kaya kuliko anavyoniogopa mimi."

"Walinzi wa kaya tuko wengi," Chirau alisema. Sauti yake ilikuwa bado imara.

Hapo injini ikajiwasha.

Ilivuma ghafla, katika gari lisilo na mtu. Wanawake langoni walipiga ukelele. Chirau aliruka nyuma, akajikwaa, akashika ukuta kwa mikono miwili.

"Nililizima!" alisema. "Wallahi nililizima! Na pale kaya nililiacha limezimika! Nilishuka, nikasikiliza, lilikuwa kimya, wananifuata nini?"

Injini ikajizima. Mkuu wa kituo, aliyekuwa ameshika mlango wa gari la korti, aliuachia taratibu.

"Hawakufuati," Twaiba alisema. "Ni betri. Mpishi wa Galu anajua. Wewe hukujua."

Bi. Kanze alimtazama kaka yake kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. "Chirau. Uliliacha wapi?"

Chirau aliteremka ukutani taratibu.

"Ulikata mbambakofi wa kaya," Twaiba alisema, "ukaficha magogo nyuma ya nyumba. Dama alikuja kukuomba ruhusa, akayaona."

"Akayapiga picha," Chirau alisema. Alikuwa ameketi chini sasa, mgongo ukutani. "Alisema, mjomba, umetulea tukiogopa hata kuokota kijiti pale. Akasema atawaonyesha watu wote. Nilimwambia futa. Hakutaka. Nikashika simu, akavuta, nikamsukuma. Akaangukia gogo."

"Simu iko wapi?"

"Chooni."

"Kisha ukataka watu waseme koma wamemwadhibu kwa kuingia bila adabu. Kwa uongo huo ilikupasa umwache na viatu miguuni. Hukuweza."

"Pale haiingiwi na viatu," Chirau alisema, na kwa mara ya kwanza alionekana kushangazwa na aliloambiwa.

"Miti yake umeiuza."

Chirau alitazama miguu yake mwenyewe.

"Daktari anasema alikuwa hai."

"Alikuwa akikoroma," Chirau alisema polepole. "Nikasema nimpeleke mlangoni mwa wazee. Kama ana makosa, watamchukua. Kama ninayo mimi, ataamka. Niliwaachia wao waamue."

"Hospitali iko hapo barabarani," Twaiba alisema. "Na gari lilikuwa na nusu tangi."

Rai alimfunga pingu. Lewis alifunguliwa zake, akarudishiwa mshipi, naye akaushika mkononi kama asiyejua kazi yake. Hakuna aliyemwomba radhi. Mkuu wa kituo alimwambia tu aweke sahihi, aende.

Bi. Kanze alibaki katikati ya ua.

"Jana nilikuwa na mtu wa kumchukia," alimwambia Twaiba. "Nilimchukia vizuri, mpaka nikapata usingizi. Leo umeninyang'anya huyo, umenipa wa tumbo moja nami. Ahsante, mwanangu. Kazi yako umeifanya."



Maziko yalipangiwa alasiri ile. Baba hayupo, kaka hana, na kwa desturi mjomba ndiye angeshuka kaburini kumpokea. Chirau alilikumbuka hilo mlangoni mwa rumande. Aligeuka.

"Kanze, dada yangu. Waombe waniachilie saa moja tu. Na pingu zangu. Nani mwingine atamshusha mtoto? Utamwachia watu baki?"

Bi. Kanze alifunga ushungi wake vizuri. Alimtazama Lewis, aliyekuwa angali amesimama na mshipi wake, kisha akamtazama kaka yake.

"Watu baki," alisema, "hawajamuua."