Mpira Chini ya Maganda ya Kahawa

Kila alasiri, wasichana wa bweni la misheni kule Mbozi wakishateka maji, walikaa makundi makundi wakisukana nywele na kupiga soga kwa Kinyiha. Enesi hakuwa na kundi. Yeye alikuwa Mndali wa Isongole, wenzake walimcheka matamshi yake, basi akajitenga. Jamani, upweke wa bwenini ni mbaya, maana umezungukwa na watu na huna mtu.

Aliyekuwa naye ni Misi Hilda, mwalimu wa hesabu. Kabla ya vita vya Hitla, mwanamke huyu aliichezea Uingereza kriketi, akavuka bahari hadi Australia na timu ya wanawake. Pale misheni hapakuwa na hata mmoja aliyeujua mchezo huo. Kwa hiyo kila jioni alirusha mpira wake mwekundu wa ngozi kwenye ukuta wa ghala, peke yake, mpaka Enesi alipoanza kumwokotea. Kidogo kidogo akamfundisha kurusha. Saa ile moja, wote wawili walisahau upweke wao.

Kisha Misi Hilda akamweleza kwamba ile timu ya wanawake inaundwa upya baada ya vita, naye ameitwa Uingereza kujaribiwa. Asipofanya mazoezi atakataliwa, na kwa umri wake hataitwa tena. Enesi aliitikia vizuri, lakini moyo ulimuuma. Jioni ile, alipotumwa kuurudisha mpira ndani, aliufukia kwenye lundo la maganda ya kahawa, akasema umempotea majanini. Mtoto wa watu aliamini kwamba Misi asiporusha, hataondoka.

Misi Hilda alitafuta mpaka giza likaingia, wala hakumlaumu mtu. Siku zilizofuata Mama Elizabeti, mpishi wa bweni, akawa analalamika kwamba viazi vyake vinapungua. Enesi akaenda kuchungulia nyuma ya ghala. Misi Hilda alikuwa akirusha viazi ukutani, vinapasuka, kisha anainama kuokota vipande mwenyewe. Enesi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Alikwenda kuufukua mpira. Joto la maganda lilikuwa limeivimbisha ngozi, na mshono umeachia. Akampelekea kwa mikono miwili.

"Niliuficha mimi, Misi. Sikutaka uondoke. Hapa sina mtu mwingine."

Misi Hilda aliugeuzageuza mpira, machozi yakimlengalenga. "Mimi pia sina, Enesi," akasema. "Ungeniambia tu."

Mama Elizabeti, aliyesikia yote kutoka mlango wa jiko, akamwita Enesi na kumkalisha karibu naye.

"Mwanangu, ukimfichia mtu kitu chake ili asiondoke, hujampata. Umemwibia tu. Kuwa mpweke si kosa. Kosa ni kunyamaza, halafu ukachukua kwa hila kile ambacho ungeweza kukiomba."

Mama Elizabeti mwenyewe aliushona ule mpira kwa uzi wa magunia. Misi Hilda akaendelea na mazoezi, Enesi akiokota, hadi siku lori lilipokuja kumchukua. Enesi alilia sana.

Jioni hiyo alifunga mpira wa matambara na kamba za mgomba, akawaendea wasichana waliokuwa wakisukana.

"Nina upweke," akasema, kwa lafudhi yake ile ile ya Kindali. "Nani atakuja kuniokotea mpira?"

Wakatazamana. Loisi, aliyekuwa akimcheka kuliko wote, akaweka kitana chini, akasimama.