Picha ya Maua

Kila asubuhi, kabla ukungu wa Wonosobo, mji wa milimani, haujapanda, Kinasih humsaidia mama yake, Bi Lastri, kuchovya vipande vya tempe, soya iliyochachushwa, kwenye rojo la unga, tayari kukaangwa na kuuzwa barazani. Siku hiyo aliamka akiwa hoi. Jana yake mchana kutwa alihangaika na simu ya mama, akituma hati ya familia mtandaoni ili aombe nafasi ya sekondari ya karibu na nyumbani. Mtandao haukupokea picha inayozidi kilobaiti mia mbili, na kila alipopakia jibu lilikuwa lilelile: faili ni kubwa mno.

Akaibana picha ili ipungue ukubwa. Akaibana tena ileile iliyobanwa, na tena, mpaka ikapokelewa. Chini palikuwa na kisanduku cha kuthibitisha kwamba maandishi yanasomeka. Akakitia alama bila kutazama. Nguvu za kutazama angezitoa wapi?

Sasa simu ikalia. Ujumbe ulisema hati haisomeki, irekebishwe kabla ya saa kumi alasiri. La sivyo, Kinasih angepelekwa shule ya bweni kule bondeni, na mama angebaki peke yake na kikaango.

"Si uliniambia umeikagua?" mama aliuliza, sauti imemwishia.

"Nilikudanganya, Mama. Nilichoka."

"Nani hajachoka hapa? Chukua simu, nenda kwa mwalimu wako."

Mwalimu Endah alikuwa ofisini, macho yamemwiva kwa shida kama hizo za wanafunzi wengine. Aliitazama picha, akaguna.

"Kumbe siku hizi mnauza maua? Hati iko wapi?"

Kinasih aliona haya. Hati aliipigia picha mezani. Kitambaa cha plastiki chenye maua kilijaa pande zote, na sahani ya tempe pembeni. Hati yenyewe ilikuwa kipande kidogo katikati, maandishi yamevurugika.

"Ile picha ya kwanza bado unayo?"

"Ipo, Mwalimu."

"Anza na hiyo. Ukibana iliyokwisha kubanwa, unakamua machicha."

Kinasih akakata maua, akakata sahani, ikabaki hati tupu. Akaibana mara moja tu, ikatosha. Kidole chake kikakimbilia kisanduku. Mwalimu akamshika mkono.

"Soma kwanza. Kwa sauti."

"Mkuu wa familia," Kinasih akasoma. Jina lilionekana wazi, kila herufi. "Lastri."

Akatia alama, akatuma. Kabla ya saa kumi jibu likaja: hati imekubaliwa. Alipumua, akataka kulia.

"Sikia, binti," Mwalimu Endah alisema akifunga dirisha la ofisi. "Kuchoka si kosa. Ukichoka, sema umechoka, upumzike, ndipo uendelee. Lakini usiseme umetazama kitu ambacho hukukitazama. Jana ulichunga maua ya kitambaa, ukamfuta mama yako."