Posa Iliyovunja Mguu

“Ifute.”

“Nifute nini?”

“Usijifanye hujui. Ile sauti niliyokutumia juzi. Ifute hapa hapa, nikiona.”

Dada Dawa aliacha kupanga chupa za dawa ya kikohozi, akamtazama mwanamume aliyeegemea kioo cha kaunta yake. Mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu hakuna goti lililochubuka pale kona bila kupita dukani kwake. Na huyu aliyesimama mbele yake, shati limenyooka, jasho linamtoka, ni Mwalimu, mfundisha udereva, mchumba wake wa miaka minne. Hata paka wa mtaa walijua. Nje alikuwa ameegesha gari la mafunzo, magurudumu mawili juu ya njia ya waenda kwa miguu, na taa ya mbele bado imepasuka.

“Mwalimu, ile ni posa yangu. Miaka minne nimeisubiri. Imekuja juzi, leo unataka niifute?”

“Nitakuposa upya.”

“Kwa nini upya? Ile ina kasoro gani?”

Mwalimu akageuka kutazama mlangoni.

“Kasoro yake unaijua.”

Aliijua. Juzi mchana gari hilo la mafunzo lilimgonga Babu Redio, fundi redio wa pale kona, likamvunja mguu. Kwenye usukani alikuwa Mama Mapacha, mjane, mpangaji wa chumba cha uani nyuma ya duka, aliyekuwa akijifunza ili apewe kazi ya kuendesha gari la watoto wa shule. Mwalimu aliwaambia trafiki kwamba mama alichanganya breki na mafuta, na kabla ya jioni mtaa ulishaifanya habari hiyo wimbo. Dada Dawa ndiye aliyefika wa kwanza na bandeji. Alimfunga mzee mguu kwa kipande cha boksi, akarudi dukani, akakuta simu ina ujumbe wa sauti wa Mwalimu, uliotumwa wote bila kukatwa. Akausikiliza. Posa ilikuwa humo. Na kishindo kilikuwa humo humo.

“Gari lako lina breki mbili,” alisema. “Moja miguuni pa mwanafunzi, moja miguuni pako. Ulinionyesha mwenyewe ukijisifu, eti mwanafunzi hata asinzie, wewe utasimamisha gari. Mguu wako ulikuwa wapi?”

“Ilikuwa sekunde moja tu.”

“Nakuuliza mguu, unanijibu saa!”

“Nilikuwa naongea na wewe! Mapenzi yako ndiyo yaliyonisahaulisha.”

“Ala! Kwa hiyo aliyemgonga mzee ni mimi?”

“Punguza sauti.”

“Sipunguzi. Duka ni langu.”

Mwalimu akainamisha kichwa, akaanza kubembeleza kwa ile sauti iliyokuwa ikimlainisha Dada Dawa siku zote.

“Mpenzi, fikiria. Nikisema nilikuwa kwenye simu, kibali cha kufundisha kinakwenda. Kazi inakwenda. Nitakuoa na nini? Mama Mapacha hapotezi kitu. Hata leseni hana.”

“Leseni hana. Ana watoto wawili wanaoitwa shuleni ‘watoto wa muuaji’, na mtu mwenyewe hajafa.”

“Watoto husahau.”

Dada Dawa alitamani kumrushia chupa. Alichukia kwamba bado alimpenda, kwamba hata sasa aliona kola ya shati imekunjika na mkono wake ulitaka kuinyoosha.

“Jumamosi asubuhi kuna mkutano wa mtaa,” alisema. “Utasimama mbele ya watu useme ulichofanya. Ukisema, mchana walete wazee wako kwa shangazi, nitawapokea kwa mikono miwili. Usiposema, mimi na wewe basi.”

“Nitasema.”

“Niapie.”

“Haki ya Mungu, nitasema.”

Ijumaa jioni, wakati anafunga duka, simu ikalia. Ujumbe:

“Mpenzi nimefikiria sana. Tuyaache yapite. Maji yakishamwagika hayazoleki.”

Akajibu kwa vidole vinavyogonga kioo kama anapiga mtu:

“Hayakumwagika maji. Ameangushwa mzee.”

Simu ikaita. Aliyepiga ni shangazi yake, aliyemlea tangu alipofiwa na mama.

“Mwanangu, mwenzio amenipigia analia. Nini tena?”

“Amekwambia kilichomliza, shangazi?”

“Ameniambia una kitu chake kwenye simu unataka kumwaibisha nacho. Mwanamume husitiriwa. Umri nao unakwenda, na mimi mapazia nimeshafua, viti nimeazima.”

“Mficha uchi hazai, shangazi.”

“Na mwanika uchi haolewi! Usiku mwema.”

Alipogeuka akamkuta Mama Mapacha kizingitini, kanga begani, macho mekundu.

“Mwanangu, nipatie dawa ya maumivu, nimpelekee Babu.”

“Chukua, mama. Weka hela yako.”

“Sijui mguu wangu ulifanya nini siku ile,” Mama Mapacha alisema, akiutazama mguu wake wa kulia kama mtoto aliyekosa adabu. “Nakumbuka kona, nakumbuka kelele, katikati hapo giza tupu. Mwalimu anasema nilikanyaga mafuta. Yeye ndiye mjuzi. Wenye shule wameniambia kama mtaa hauniamini, na wao hawanipi watoto. Nimewakubalia. Hata mimi sijiamini.”

Dada Dawa alifungua mdomo, akaufunga. Alikuwa amempa mtu nafasi mpaka kesho.

Mkutano ulifanyika kwenye ua wa ofisi ya mtaa, viti vya plastiki vikiwa vimejaa na wengine wamekaa juu ya matofali. Mwenyekiti hakuwahi hata kumaliza salamu.

“Magari ya mafunzo yaondoke!” alipaza sauti Baba Lori. “Mtaa huu si uwanja wa majaribio. Halafu wanawake na usukani, wapi na wapi?”

“Na hilo lori lako linalolala mlangoni kwangu litaondoka lini?” mama mmoja akamrukia. “Mimi kutoka kwangu napita ubavu kama kaa!”

“Lori halijagonga mtu!”

“Litagonga vipi, halijawaka tangu mwaka jana!”

Watu wakacheka. Mwenye gereji akasema watoto ndio wenye makosa, wanacheza mpira barabarani. Akaulizwa uwanja wao aliugeuza gereji nani. Mwingine akataka matuta, mwingine akasema matuta yatamvunja mgongo, na Mwenyekiti akagonga meza mpaka glasi ya maji ikaanguka.

“Imetosha! Tusikie kwanza ya ajali. Mwalimu, simama.”

Mwalimu akasimama. Alivaa shati jeupe, lile la kwenda ukweni. Macho yake yakamtafuta Dada Dawa, naye akamwitikia kwa kichwa polepole. Sema, mwanamume wewe. Sema nikupende tena.

“Wazee wangu, mama zangu,” Mwalimu akaanza. “Mwanafunzi ni mwanafunzi. Mama alibabaika, akachanganya breki na mafuta. Binadamu hukosea. Mimi binafsi nimemsamehe.”

Nimemsamehe! Dada Dawa akaitoa simu yake.

Mama Mapacha naye akainuka, akaenda kupiga magoti mbele ya Babu Redio, aliyekuwa amekaa mbele, mguu umefungwa plasta hadi gotini, redio ndogo mapajani.

“Babu, nisamehe.”

“Inuka, mama, inuka. Mguu wenyewe ulikuwa mkorofi tangu ujana.”

“Basi,” Mwenyekiti akasema, “naona tunakubaliana. Tutawaandikia wenye shule kwamba Mama Mapacha asipewe...”

“Mwenyekiti! Nina jambo.”

“La barabara, Dada Dawa?”

“La posa.”

Ua mzima ukageuka. Shangazi, aliyekaa safu ya pili na kilemba kipya, akajishika kifua.

“Nimeposwa,” Dada Dawa alisema, na sauti yake haikutetemeka. “Nimeposwa kwa simu, na Mwalimu huyu mnayemwona. Na kwa kuwa ndoa si jambo la watu wawili, naomba mtaa wangu mnisikilizie posa yangu.”

Shangazi hakungoja. Alipiga kigelegele, na akina mama wakampokea.

“Kaa chini,” Mwalimu alisema, uso umempauka. “Mpenzi, nakuomba, kaa chini.”

“Bwana harusi ana haya!” Baba Lori akacheka.

Dada Dawa akaenda mezani, akaweka simu mbele ya kipaza sauti cha Mwenyekiti, akabonyeza.

“Mpenzi wangu,” sauti ya Mwalimu ikajaa uani, tamu, ya karibu, “nimechoka kukuita mchumba. Nataka nikuite mke wangu. Jumamosi naleta wazee kwa shangazi yako...”

Vigelegele vikapanda. Chini yake ikasikika sauti ya mwanamke.

“Mwalimu, mzee anavuka.”

“Twende tu, mama, twende. Sasa mpenzi, nilikuwa nasema, nataka tuwe na nyumba yetu...”

“Mwalimu, anavuka! Mwalimu!”

Kishindo. Kioo kikapasuka. Simu ikasikika ikianguka, na mbali, redio ya mzee ikiendelea kuimba peke yake.

Vigelegele vilikatika kimoja kimoja. Cha mwisho kilikuwa cha shangazi.

“Umefanya nini, mama?” ilikuwa sauti ya Mwalimu tena, si tamu sasa. “Umekanyaga mafuta! Sikia, ulikanyaga mafuta! Trafiki wakija, ndivyo ilivyokuwa.”

Na mwanamke akilia: “Nimekanyaga mafuta. Ee Mungu wangu, nimekanyaga mafuta.”

Sauti ikaisha. Mama Mapacha alikuwa bado amesimama mbele ya Babu, mkono mdomoni.

“Nilimwona,” akasema taratibu. “Nilimwona, nikasema. Mara mbili nilisema!”

“Ulisema, mama yangu,” Dada Dawa akamjibu. “Nilijua tangu siku ile ile ya ajali. Nisamehe kwa kukuacha ulale na mzigo usio wako.”

“Yale yalikuwa mambo ya faragha!” Mwalimu akafoka. “Mimi na wewe! Unayaanika mbele za watu?”

“Posa ya faragha haivunji miguu ya watu. Nilikungoja useme mwenyewe. Nilikungoja mpaka ukasimama hapa ukamsamehe mtu uliyemkosea!”

Ua ukalipuka. Mwenyekiti alikuwa ameshika kalamu, hajui aandike nini. Baba Lori, aliyekuwa na maneno mengi ya wanawake na usukani, alianza kukagua kucha zake. Ni Babu Redio aliyenyanyua gongo lake wakanyamaza.

“Kumbe mguu wangu umevunjwa kwa shughuli ya harusi,” alisema. “Basi mimi ndiye mshenga, na ada yangu nimeshailipa. Binti, unamjibu nini?”

Wachache walicheka. Dada Dawa hakucheka. Alimtazama mwanamume aliyeyajua mapigo ya moyo wake kuliko mtu yeyote, na machozi yakamtoka mbele ya watu wote, wala hakuyafuta.

“Mwambie, Babu, sitaki.”

Mchana ule viti vya kuazima vilikaa vitupu sebuleni kwa shangazi. Shangazi alinuna, akazunguka, akanuna tena, mwishowe akaleta chai vikombe viwili. Hawajaimaliza, mlango ukabishwa. Mwalimu, peke yake, kwa miguu, vumbi hadi magotini.

“Nimetoka polisi,” alisema. “Nimebadilisha maelezo yangu. Kibali nimekirudisha. Nimepita kwa Mama Mapacha, hakunifungulia.”

“Na mimi nimekufungulia ili uone sura yangu nikikwambia.”

“Nimesema ukweli wote, kama ulivyotaka.”

“Ungekuja nao jana, ningekupokea bila wazee, bila viti. Leo umeuleta kwa kuwa mtaa mzima unao.”

“Kwa hiyo hunipendi?”

“Nakupenda, ndiyo maana nina hasira hivi. Lakini mimi nitazeeka, Mwalimu. Siku moja nitakuwa ninavuka, na wewe utakuwa unaongea na mtu.”

Shangazi, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya pazia alilolifua kwa ajili ya siku hiyo, alitoka akafunga mlango mwenyewe.

Mama Mapacha alimaliza mafunzo kwa mwalimu mwingine, akapata leseni, na wenye shule wakampa gari la watoto.

Kitu kimoja Dada Dawa hakumwambia mtu. Ile sauti aliihifadhi. Jioni, duka likiwa tupu, aliisikiliza pale mwanzo tu, nimechoka kukuita mchumba, na kidole chake kilijua mahali pa kusimamisha kabla ya lile neno “Mwalimu”.

Asubuhi moja aliisikiliza hivyo akiwa kauntani, mara honi zikaanza nje. Akachungulia. Gari la watoto wa shule lilikuwa limesimama kona, Mama Mapacha kwenye usukani, mapacha nyuma yake. Mbele ya gari, Babu Redio alikuwa akivuka na gongo lake, redio ikiimba begani, anakokota mguu kwa raha zake, hata akasimama katikati kutafuta stesheni. Nyuma ya gari kulikuwa na Baba Lori, kwenye lori ambalo hatimaye liliwaka, anabonyeza honi kama ana deni nayo.

“Twende, mama! Twende!”

Mama Mapacha akatoa kichwa dirishani.

“Mzee anavuka!” alisema kwa sauti iliyofika mpaka dukani, na mguu wake ukabaki kwenye breki.

Dada Dawa akaitazama simu mkononi. Akaifuta ile sauti, yote, mwanzo na mwisho, akatoka nje kumshika Babu mkono.