Vigae 10,007

Kosa ni langu, nalikiri kabla hamjanishika: mara ya kwanza kusimulia kisa hiki niliapa kwamba 10,007 inagawanyika kwa saba. Haigawanyiki. Inabaki nne. Basi msimcheke Kikokotoo kwa kutokwa jasho.

Kikokotoo lilikuwa jina la utani la msichana wa darasa la sita, maana hesabu kwake zilikuwa kama kunywa maji. Kila akitoka shule alimpitia shangazi yake, fundi wa vigae, akamwoshea mwiko na kumkorogea gundi. Wiki ile kazi ilikuwa ukuta wa maktaba. Kila mwanafunzi wa mji alikuwa amechora kigae kimoja, kidogo kama kiberiti, na vyote vilikuwa 10,007. Shangazi alitaka safu zilizo sawa, kisibaki hata kimoja. Akamwachia Kikokotoo atafute idadi ya safu, naye akajigamba kwamba atamaliza kabla chai haijapoa.

Chai ikapoa. Akigawa kwa mbili, kinabaki kimoja. Kwa tatu, viwili. Kwa kumi na tatu, kumi. Akadhani amekosea, akarudia. Majibu yale yale. Alipofika tisini na saba vikabaki kumi na sita, na kichwa kikawa kinamzunguka kama pia. Namba kubwa namna hii ikose wa kuigawa? Aibu ikamshika. Akachota vigae saba, akavitumbukiza mkobani.

"Safu mia, kila safu vigae mia, Shangazi," akasema. Shangazi akaanza kubandika.

Ukuta ulipokamilika, akaja mtoto wa darasa la kwanza kumtafuta mbuzi wake wa buluu. Alipitisha kidole safu baada ya safu, akarudi mwanzo, kisha akamgeukia Kikokotoo.

"Dada, kwani nilimchora vibaya?"

Kikokotoo akafungua mkoba, akavitoa vyote saba, akaeleza kila kitu.

Shangazi hakufoka. Alimwuliza tu alijaribu kugawa mpaka ngapi.

"Mpaka tisini na saba. Sielewi nilikosea wapi."

"Kwenye hesabu hukukosea, mwanangu. Hiyo ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Na safu moja ingefika sokoni ikarudi. Ulikosea ulipoona haya kusema umeshindwa. Ungeniambia, tungefikiri wawili. Ukweli unaobakiza vipande ni bora kuliko uongo wa safu sawa."

Wakavibandika vile saba juu ya mlango, mbuzi katikati, na mwenye mbuzi akaondoka akirukaruka. Shangazi alikuwa ananawa gundi mikononi Mwalimu Mkuu wa shule yao alipoingia, akipapasa mfuko wa koti. Akatoa kigae.

"Jamani, na mimi nilichora changu, nikakisahau humu. Naombeni mnibandikie."

Shangazi akamtazama Kikokotoo. Kikokotoo, midomo imeshaanza kugawa kimyakimya, akautazama ukuta. Vigae sasa ni 10,008, na hiyo inagawanyika hata kwa mbili.